Niliandika Nisichokijua, Mama Mhina Akafukuzwa Kazi

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili usije ukasoma hadi katikati ukidhani natafuta wa kumsingizia. Si la kompyuta, si la mwekezaji, wala si la rafiki yangu Mndolwa. Ni mimi niliyeandika uongo kwa mkono wangu nikauita maelezo.

Ila usinionee huruma. Sikuja hapa kulia. Watu wengi wameniambia ninyamaze, eti yaliyopita si ndwele, na mimi nimekataa. Jina langu sikulitaja, na ya wengine nimeyabadili, kwa sababu mwenye kuumizwa aliniomba hivyo. Mambo haya yangekuwa yangu peke yangu ningeliandika jina langu kwa herufi kubwa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Korogwe. Nyumbani ni Handeni. Miaka ninayoisimulia, mashamba ya mkonge yalikuwa yameshatoka mikononi mwa serikali na kuuzwa kwa watu binafsi. Mjini kulikuwa kumefunguliwa duka la intaneti karibu na stendi. Maneno "soko huria" yalikuwa kwenye kila mdomo, hata wa muuza vitumbua.

Mimi huria niliyoipenda ilikuwa nyingine. Ni programu huria, zile za kompyuta ambazo watu wa nchi mbalimbali huziandika pamoja bila malipo, na yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzitumia na kuzirekebisha. Nilikutana na mradi mmoja wa namna hiyo, mkusanyiko wa zana za kutengenezea mitandao ya neva. Hiyo ni programu inayojifunza kwa mifano. Huipi kanuni. Unaionyesha vitu vingi pamoja na majibu yake, nayo inajifunza kutofautisha, kama mtoto anavyojua mchicha na magugu kwa kufuatana na mama yake shambani.

Kila zana humo ndani iliitwa funksheni. Zilikuwa kama arobaini, na nyingi hazikuwa na maelezo hata mstari mmoja. Mtu akizifungua hajui ziingizwe nini, zinatoa nini. Msimamizi wa mradi, mzungu ambaye sijawahi kumwona uso, akatuma barua pepe kwetu sote tuliokuwa kwenye orodha ya mradi: nani atajitolea kuandika maelezo? Hakuna aliyetaka. Wote walitaka kuandika programu zenyewe, kazi ya sifa. Mimi nikasema nitaandika.

Na nilijivuna. Mwalimu wa Korogwe, jina lake litakuwa kwenye orodha ya waandishi itakayosomwa dunia nzima.

Niliandika vizuri mwanzoni. Kompyuta tulikuwa nayo moja shuleni, ya msaada, nami nilikaa nayo baada ya vipindi. Kila funksheni niliijaribu kwanza kwa namba nilizozijua ndipo nikaandika maelezo na mfano. Nikienda mjini Jumamosi nayatuma.

Kisha nikakwama kwenye funksheni moja. Kazi yake ilikuwa kusawazisha vipimo kabla mtandao haujaanza kujifunza. Inachukua vipimo vyote, inatafuta wastani na mtawanyiko wake, yaani vinavyoachana kwa kiasi gani, inaviweka kwenye mizani moja. Hapo nilielewa. Lakini ilitoa vitu vitatu: vipimo vilivyosawazishwa, wastani, na mtawanyiko. Hivyo viwili vya mwisho ni vya nini? Na vipimo vipya vikija kesho, mtu afanyeje?

Ningeuliza. Lakini niliwahi kuuliza swali moja huko nyuma, kwa Kiingereza changu cha darasani, na mtu mmoja akanijibu mbele ya wote nisome programu yenyewe kabla ya kupoteza muda wa watu. Nilikaa kwenye kile kiti cha duka la intaneti nikihisi kila aliyekuwa mle ndani amelisoma jibu lile. Nikaapa sitauliza tena.

Ningejaribu. Ingenichukua alasiri moja. Lakini toleo jipya lilikuwa linakaribia kutoka na nilitaka nimalize orodha nzima.

Nikabuni. Niliandika kwamba kwa vipimo vipya, iendeshe tena funksheni hii hii. Nikaweka na mfano ambao sikuwahi kuuendesha. Nikatuma. Wakanishukuru.

Mndolwa nilisoma naye sekondari. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye shamba moja la mkonge nje ya mji, chini ya mwekezaji. Alipokuja kunisalimia nikampa diski yenye zile zana, nikamwonyesha kurasa nilizoandika. Alisoma kwa furaha. "Hii naielewa," aliniambia. "Vitabu vingine vinaandikwa kwa ajili ya wanaojua tayari."

Sikuona fahari kama ile maishani mwangu.

Mndolwa alimwahidi meneja mashine ya kuhakiki madaraja ya singa, yaani zile nyuzi za mkonge zikishakaushwa na kupigwa brashi. Hazifungwi tu kwenye marobota. Kuna kina mama wanaosimama kwenye meza ndefu, wanashika kila kifungu, wanatazama rangi na urefu, wanasema hili daraja la kwanza, hili la tatu. Mndolwa akachukua skana, ile mashine ya kunakilia picha, akawa anaweka sampuli za kila asubuhi juu yake, kompyuta inapima rangi na urefu, mtandao wa neva unatoa daraja. Alipoijaribu kwa sampuli zile zile alizoifundishia, ilijibu sawasawa. Meneja akafurahi.

Mkuu wa meza ile ya kupangia alikuwa Mama Mhina. Na Mama Mhina ndiye mwenye nyumba niliyopanga chumba, mtaa wa Masuguru.

Alikuwa mjane, Mzigua mwenzangu kutoka Handeni, ameanza kazi kwenye shamba lile tangu likiwa la serikali. Nilimwita mama na alinifanya mwana. Nikiugua uji naletewa mlangoni. Aliweza kushika singa gizani akakuambia imekatwa kwenye jani changa au lililokomaa. Si hadithi, umeme ulipokatika nimemjaribu mwenyewe kwa kamba ya mkonge ya kuanikia nguo.

Mashine ilipoanza kazi, ikaanza kumpinga. Yeye anasema la kwanza, mashine inasema la tatu. Siku nyingine yeye anashusha, mashine inapandisha. Meneja akaita kikao. Akamwambia mbele ya kina mama wenzake kwamba anapitisha singa mbovu na kuzishusha nzuri, na kwamba zama za kufanya kazi kwa mazoea zimekwisha.

Jioni ile aliketi barazani na kanga yake begani, hajavua hata viatu.

"Mwanangu," aliniambia, "mashine ile ni kigeugeu. Mvua ikinyesha, singa zinatoka za manjano, yenyewe inasifu. Jua likiwaka, singa nyeupe kama pamba, yenyewe inatukana."

Alinipa jibu lote pale. Mwalimu wa hisabati, mwandishi wa maelezo, ningesimama dakika tano nikafikiri ningelijua.

Unajua nilimjibu nini?

"Mama, mashine haidanganyi. Labda macho yako yamechoka."

Alivua viatu taratibu akaingia ndani.

Baada ya wiki chache walimfukuza. Aliyekuwa akiwaelekeza wenzake akatoka getini na mfuko wa plastiki. Maneno yakaenea mitaa ya Masuguru na Kilole kwamba alikuwa anahongwa. Wengine waliacha kumsalimia. Akanikabidhi funguo za vyumba vya uani, akaniambia niangalie nyumba, akarudi Handeni kwa kaka yake. Nilimsindikiza hadi stendi. Nilimwonea huruma huku moyoni nikimshuku. Huo ndio uchafu ninaotaka uujue. Nilimshuku.

Muhula ukaisha, tukasahihisha mitihani. Mkuu wa shule akaagiza zawadi kwa wanafunzi bora wa Kidato cha Pili, mkondo A na mkondo B, kila mkondo upangwe peke yake. Mzazi mmoja, mkulima wa chai wa Dindira, alishuka na daftari la binti yake akaja mezani kwangu amekasirika.

"Shikamoo ni yako, mwalimu, umenifundishia mtoto," alisema kwa kejeli. "Lakini nifafanulie. Binti yangu ana sitini na moja, mmemwandika wa kumi na mbili. Yule wa B ana arobaini na tatu, mmempa zawadi. Sitini na arobaini kipi kikubwa?"

Nikaanza kumweleza kwamba kila darasa linapimwa kwa wastani wake. Anayekuwa juu ya wenzake anaonekana bora hata kama wenzake ni dhaifu. Anayekaa na wenye akili...

Sikumaliza sentensi. Nilimwona mzee yule akinitazama mdomo wangu ukiwa wazi.

Mvua ikinyesha inasifu. Jua likiwaka inatukana.

Nilimwomba radhi, nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nikaweka vipimo vya mfano vya siku ya singa nzuri na vya siku ya singa mbaya, nikafuata maelezo yangu mwenyewe, neno kwa neno. Singa ile ile, kwa namba zile zile, ilitoka juu siku mbaya na chini siku nzuri. Kumbe ule wastani na ule mtawanyiko vilikuwa vya kutunzwa. Unavipata mara moja wakati wa kujifunza, kisha vipimo vyote vya baadaye unavipima kwa hivyo hivyo. Mimi nimewaambia watu wapime upya kila siku. Kila asubuhi mashine ya Mndolwa ilikuwa inatengeneza darasa jipya na kumtafuta wa kwanza wake.

Alasiri moja tu. Ndiyo iliyotosha kulijua hilo.

Nilimfuata Mndolwa ofisini kwake siku iliyofuata. Nilimweleza yote. Akanisikiliza akiwa amefunga mlango.

"Rekebisha maelezo yako, mimi nirekebishe mashine, tuishie hapo," alisema.

"Na Mama Mhina?"

"Ameshaondoka. Ukimrudisha yeye, mimi ndiye nitakayetoka. Nina watoto."

"Ana jina, Mndolwa. Wanasema alihongwa."

"Nilifuata ulichoandika wewe. Unajua hilo? Nikianguka, tunaanguka wote."

"Basi tuanguke," nikasema. "Mimi natangulia."

Alinitazama kama mtu anayemtazama kichaa. Labda nilikuwa kichaa. Nikavuka uwanja nikaenda kwa meneja.

Meneja hakutaka somo la hisabati. Nikamwambia sina somo, nina kifungu kimoja cha singa, naomba skana. Nikachagua mezani kifungu kimoja cha kati, si kizuri sana, si kibaya. Nikakifunga uzi mwekundu ili asiseme nimebadilisha. Mndolwa akaitwa, akakipima pamoja na vifungu vya manjano vilivyonyeshewa. Mashine ikasema daraja la kwanza. Tukakipima kile kile pamoja na vifungu vyeupe. Daraja la tatu.

Kina mama waliokuwa mezani waliacha kazi.

"Kwa hiyo yule mama alikuwa sawa," meneja alisema.

"Siku zote."

"Na wewe unahusikaje?"

"Mimi ndiye niliyeandika maelezo yaliyompotosha fundi wako. Mkemee yeyote unayemtaka, lakini uanze na mimi."

Alisimamisha mashine siku ile. Kumrudisha Mama Mhina kwenye nafasi yake akakataa, akasema nafasi hiyo haipo tena, akitaka kurudi, aje kama kibarua. Nikamwomba basi barua yenye mhuri kwamba mama yule hakupitisha singa mbovu. Akasema ataangalia. Nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake. Shule ilikuwa imefungwa, nilikuwa na muda. Nikakaa siku hiyo, nikarudi ya pili, nikarudi ya tatu. Mlinzi alikuwa ananiletea maji. Siku ya tatu mchana meneja alitoka na karatasi yenye mistari miwili na mhuri, akanipa bila kunitazama.

Nikapanda basi la Handeni.

Mama Mhina nilimkuta nyumbani kwa kaka yake, nje kidogo ya mji, kule ambako ukame umekausha hata mbigili. Alikuwa anapukuchua mahindi na wifi yake. Wamasai wawili walikuwa wanaongea na kaka yake kuhusu ng'ombe walioingia shambani. Nikaamkia. Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda.

Nikamwambia mbele ya wote. Sikutaka kumvuta pembeni, kwa sababu yeye hakufukuzwa pembeni.

Alisikiliza, mikono haikuacha mahindi. Nilipomaliza akauliza:

"Uliandika kitu ambacho hukijui?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona aibu."

Akatikisa kichwa. "Kosa la kuandika nalielewa. Hata mimi nimewahi kufunga robota likafumuka njiani. Lakini uliniambia macho yangu yamechoka." Hapo mikono ikasimama. "Nilikwenda hospitali kupimwa macho kwa neno lako. Daktari akasema ni mazima, sikumwamini. Nimeacha kushona. Nimeacha hata kuchambua mchele, namwachia huyu wifi, nikidhani nitawalisha mawe. Wewe ulikuwa mwanangu, ndiyo maana nilikuamini kuliko daktari."

Nikaitoa ile barua ya meneja.

Akaomba barua isomwe. Nikaisoma. Akasema isome tena, kwa sauti, kaka yake asikie, na wale Wamasai wasikie. Nikaisoma tena. Akaikunja akaitia kwenye fundo la kanga.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Msamaha usiutake haraka kama unavyoandika," alinijibu. "Leo sikusamehe. Nenda, uje tena."

Kazi ya kibarua aliikataa. Alisema hawezi kuingia kwa mlango wa nyuma mahali alipotolewa kwa mlango wa mbele. Nyumba ya Masuguru bado ni yake, mimi bado mpangaji, na kila likizo naenda Handeni. Safari ya pili tulizungumza kidogo. Safari ya tatu alinipa ungo wa mchele akaniambia tuchambue wote. Neno "nimekusamehe" bado hajalitamka, wala simdai.

Mndolwa hakufukuzwa. Alirekebisha mashine, ila hatusalimiani. Hilo nalo nimelilipia na sijutii.

Imebaki ile orodha ya barua pepe. Nilimwandikia msimamizi nikimweleza kosa na madhara yake. Alinijibu kwa upole kwamba makosa hutokea, atabadilisha ule mstari kimya kimya. Nikakataa. Nikaandika kwa wote, kwa Kiingereza changu kile kile kibovu: maelezo ya funksheni hii ni ya uongo, mimi ndiye mwandishi, yeyote aliyeyafuata akague kazi yake, na aulize kama kuna mtu aliyeadhibiwa kwa sababu ya kazi hiyo. Mmoja akajibu kwamba watu wasio na ujuzi wasiachiwe kugusa maelezo. Mwingine akashauri jina langu liondolewe.

Lipo hadi leo. Nilisema anayetaka kuliondoa achukue funksheni zote arobaini aziandike yeye. Hakujitokeza mtu. Nikazirudia zote, moja baada ya nyingine, kila mfano nimeuendesha kwa macho yangu. Tatu zilinishinda. Chini ya kila moja nimeandika: mwandishi wa maelezo haya hajui sehemu hii, aliyeitengeneza aeleze. Wapo waliocheka. Lakini mbili kati ya hizo zimeshaelezwa na wenyewe, na moja ikaonekana ilikuwa na kosa ambalo hakuna aliyewahi kuligundua.

Basi nawe sikia. Kama unaandika maelezo ya kitu chochote, iwe programu, iwe dawa ya mifugo, iwe pampu ya maji, kuna mtu usiyemjua atakuamini. Hatakuona ukibuni. Ataona maandishi yaliyonyooka tu. Ijaribu kwanza. Ukishindwa, uliza, wakucheke wachoke. Ukikosa wa kumuuliza, andika kwamba hujui. Na anayekwambia kuandika maelezo ni kazi ndogo mwache aseme, ila usimkabidhi kazi hiyo.

Ukikosea, usirekebishe kimya kimya. Mimi wanaoniambia nijifiche wamechelewa. Nilijificha nyuma ya maandishi mazuri miezi na miezi, na muda wote huo aliyeonekana mkosaji alikuwa mtu mwingine.